Watu wa nyuma ya tela: tulivyosafirisha transfoma miaka ya 70 na 80

Mtu akijua kwamba miaka mingi nilikuwa kwenye kazi ya kusafirisha mizigo mizito, swali lake la kwanza huwa ni lori. Lilikuwa la aina gani, injini yake farasi wangapi, gia ngapi. Hata picha chache zilizobaki zilipigwa hivyohivyo: kichwa cha lori kimejaa mbele, dereva kasimama mlangoni, mzigo umekatwa katikati, na waliokuwa nyuma hawaonekani kabisa. Madereva wetu walistahili sifa walizopata, wala sizipunguzi. Lakini transfoma ya tani 60 haikupanda mlima Kitonga kwa nguvu ya injini tu. Ilipanda kwa sababu nyuma ya tela alikuwepo mtu anayetembea kwa miguu, mkono kwenye vali, macho kwenye ukingo wa lami, na kando yake vijana wenye makabari na filimbi. Mimi nilianza kama mmoja wa vijana hao, baadaye nikawa msimamizi wa mzigo. Ninachotaka kueleza leo ni kazi yao ilivyokuwa, na kwa nini bila wao hakuna lori ambalo lingefika.

Tuanze na barabara yenyewe. Njia kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma haikujengwa kwa ajili ya mizigo ya aina yetu. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru kule Rhodesia, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini ya kupitisha mafuta na shaba imebanwa. Mzigo mwingi ukageukia Dar es Salaam, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mwaka 1966 ikaundwa Zambia-Tanzania Road Services, na Fiat 682 zenye matela zikawa zinapishana usiku na mchana. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi 1968, na lami ikafuata kipande kwa kipande mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70. Madereva wa zile Fiat ndio waliokuwa walimu wetu wa barabara. Walijua kona ipi inadanganya na mto upi unafurika bila mvua kuonekana. Ila walichobeba wao kilikuwa kinagawanyika. Mapipa yakizidi, unashusha mawili na safari inaendelea. Transfoma hushushi nusu yake.

Hapo ndipo kazi yetu ilipoanzia. Mzigo unaohitaji kibali maalumu ni ule ambao huwezi kuugawa bila kuuharibu: transfoma, rota ya jenereta, boila ya kiwanda, kipande cha tanuri la saruji, katapila kubwa la machimbo. Leo sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, imeweka mpaka wa tani 56 kwa gari zima, tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Zamani vipimo vilikuwa vingine, lakini swali lilikuwa lilelile: mzigo huu hauwezi kupunguzwa, je, barabara itaubeba vipi?

Na mizigo ilikuwepo, maana nchi ilikuwa inajenga umeme. Mashine mbili za kwanza za bwawa la umeme la Kidatu ziliwaka 1975, nyingine mbili 1980, kila moja megawati 51. Laini ya kilovolti 220 ikashuka Dar es Salaam kupitia Morogoro, na katikati ya miaka ya 80 ikasogea Iringa, Mufindi na Mbeya. Mtera ilianza kuzalisha 1988 kwa megawati 80, na gridi ikapanda kuelekea Dodoma, Singida, Shinyanga mpaka Mwanza. Ukitazama ramani utaona mistari tu. Sisi tukiitazama tunaona vituo vya kupoza umeme, na kila kituo ni transfoma iliyoshushwa melini, ikabebwa na kuwekwa juu ya msingi wa zege.

Watu huuliza kwa nini tusingetumia reli. Tuliitumia kila ilipowezekana, na ilitupunguzia maumivu mengi. Lakini vituo vya umeme havikujengwa kwa kufuata stesheni. Tena reli zetu wakati ule zilikuwa mbili zisizoingiliana: Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA milimita 1,067. Zinakutana Kidatu, ila behewa la huku haliwezi kuendelea kule, kwa hiyo mzigo lazima ushushwe na upakiwe upya. Mzigo ukiwa mpana au mrefu kwenda juu, kuna mahandaki ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako yanayoamua nani apite. Hata pale reli ilipotusaidia, bado kilibaki kipande cha mwisho, cha barabara ya changarawe kuelekea bondeni au mlimani, na kipande hicho ndicho kilichokuwa kigumu.

Sasa tela. Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana ndipo penye siri ya kazi nzima.

Chukua transfoma ya tani 60. Ukiiweka kwenye lobedi ya kawaida ya ekseli tatu, unavunja lami na tairi zinapasuka kabla hujatoka bandarini. Tela letu lilikuwa la vipande vinavyounganishwa, kila kipande na mistari yake ya ekseli. Mstari mmoja una tairi nane kwa upana wake. Tuseme umeunganisha mistari sita, na tela lenyewe lina tani 24. Jumla ni tani 84. Gawanya kwa sita, unapata tani 14 kwa kila mstari. Gawanya kwa tairi nane, unapata tani 1.75 kwa tairi moja. Semi-trela ya kawaida yenye tani 10 kwenye ekseli ya tairi nne inaweka tani 2.5 kwa kila tairi. Kwa hiyo chini ya tairi zetu lami ilikuwa inabeba uzito mdogo kuliko ule inaoubeba chini ya lori la saruji linalopita kila siku. Nimewaeleza watu wengi hesabu hii, wakiwemo maofisa wa barabara, na wengi hawaiamini mpaka wachukue kalamu wenyewe.

Lakini hesabu hiyo ni kweli kwa sharti moja: kila tairi ikubali kubeba fungu lake. Barabara haiko sawa. Mstari wa kwanza ukiingia kwenye shimo unaning'inia, na uzito wake unawaangukia wenzake. Ndiyo maana kila ekseli ya tela la namna hii imekalia silinda ya haidroli, na silinda zimeunganishwa kwa mabomba ya mafuta. Ekseli ikishuka shimoni, mafuta yanakimbilia kwake na kuisukuma chini; ikipanda tuta, mafuta yanarudi kwa zingine. Shinikizo linabaki lilelile kwa silinda zote zilizo kwenye kundi moja.

Na makundi ni matatu. Silinda zote, ziwe 12 au 40, zinagawanywa kwa vali katika makundi matatu, kwa mfano mbele kundi moja, nyuma kushoto la pili, nyuma kulia la tatu. Ni kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde. Ukifanya kundi moja tu, mzigo unaelea na utalala ubavu kwenye mteremko wa kwanza. Ukifanya manne, barabara ikijipinda kundi moja linabeba kupita kiasi na lingine halibebi kitu. Kisha kitovu cha uzito wa mzigo lazima kikae ndani ya pembetatu ya makundi hayo, na kiendelee kukaa humo hata tela likiinama. Transfoma ni ndefu kwenda juu, na kitovu chake hakiko katikati kila mara. Mtengenezaji hukiandika kwenye mchoro na kukipiga alama ubavuni. Mtu wa vali alikuwa anaitafuta alama hiyo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Mtu wa vali ndiye huyo ninayemsema. Nyuma ya tela kulikuwa na injini ndogo ya kuendesha pampu ya haidroli, na kando yake safu ya vali na geji. Yeye ndiye aliyepandisha na kushusha jukwaa, aliyelisawazisha barabara ikiinama upande, na kwenye kona kali ndiye aliyepindisha magurudumu. Kwenye kona za kawaida ekseli za tela zilifuata mkono wa kuvutia kwa kutumia vyuma vya kuunganisha. Lakini kona ikiwa kali kuliko kawaida, anafungua usukani wa nyuma na kulielekeza tela mwenyewe, mara nyingine magurudumu ya nyuma yakienda kinyume na ya mbele ili mkia usikate kona na kuangukia mtaroni. Dereva aliye mbele haoni chochote kati ya hayo. Anaona barabara na bendera. Uingereza, ambako malori ya kuvuta ya Scammell Contractor yalitengenezwa Watford tangu 1964 kwa msafara wa uzito wa hadi tani 240, walikuwa na mtu huyuhuyu, mshika usukani wa nyuma ya tela. Kwa hiyo si jambo la kwetu peke yetu. Kila palipobebwa mzigo wa kweli, usukani ulikuwa sehemu mbili.

Kabla ya mzigo kuondoka kulikuwa na safari ya kukagua njia. Tulikwenda na gari dogo, fimbo ndefu ya mbao iliyokatwa kwa kimo cha mzigo ukiwa juu ya tela, kamba ya kupimia na daftari. Kila waya unaovuka barabara uliandikwa: wa simu, wa umeme, wa nani, anayehusika yuko wapi. Kila kalavati tulishuka na kuingia chini yake. Utajua mengi kwa kulala chali ndani ya kalavati na kutazama dari lake: nyufa zinavyokwenda, chuma kilichoanza kuonekana, zege lililomomonyoka kwa maji. Pale tulipotilia shaka, tuliweka mabamba ya chuma juu, au tulijenga mchepuo pembeni na kuvuka kwenye kitanda cha mto. Mchepuo maana yake ni kiangazi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ndio ulikuwa msimu wetu. Mvua za vuli zikiwahi, mzigo unalala ulipo, hasa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa haumheshimu mtu yeyote.

Madaraja yana sheria yake. Lami inaangalia uzito wa tairi moja, daraja linaangalia uzito wote uliosimama juu yake kwa wakati mmoja. Hapo tairi nyingi hazikuokoi peke yake. Unachofanya ni kurefusha. Tunafungua kichwa cha kusukuma, yaani lori la pili linalokaa nyuma ya tela, kinangoja ng'ambo hii. Kichwa cha kuvuta kinavuka kwanza peke yake, kisha kinavuta tela kwa waya mrefu wa chuma, ili kichwa kiwe kimeshatoka darajani kabla tela halijaingia. Magari mengine yote yanasimama. Tela linapita katikati kabisa ya daraja, kwa mwendo wa kutembea, na ni marufuku kubadili gia au kukanyaga breki likiwa juu, kwa sababu mtikiso wa breki unaongeza mzigo ambao daraja halikuhesabiwa. Kwa waliokwenda kaskazini, daraja la zamani la Wami ndilo lilikuwa mtihani: la njia moja, jembamba, na pande zote mbili mteremko unaokutupa moja kwa moja darajani. Huna pa kunyooshea tela. Wanaopita leo kwenye daraja jipya hawawezi kujua jinsi tulivyokuwa tunapima upana ule kwa kiganja.

Nikumbuke na Mikumi. Barabara inakata katikati ya hifadhi, na sisi mwendo wetu ni wa mtu anayetembea, kwa hiyo vijana wa makabari walipanda juu ya tela na kazi yao wakaifanya kutoka huko. Tembo wakiwa barabarani tunazima injini na kungoja. Hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu muda huo.

Sasa Kitonga. Ukitoka Ruaha Mbuyuni, ukapita Mahenge, mlima unaanza na kona zake zinafuatana upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo. Watu hudhani tatizo la mlima ni nguvu ya injini. Turudi kwenye hesabu. Tela na transfoma ni tani 84, kichwa cha lori pamoja na vyuma vya kukiongezea uzito ni tani 30, jumla 114. Mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unapanda mita 8, unataka mvuto wa tani 9.1 kushinda uzito, na kama tani 1.7 kushinda ukinzani wa tairi. Tani 10.8. Kwa kilomita 5 kwa saa, hiyo ni kazi ya farasi 200 hivi. Mercedes-Benz 2632 ya miaka ile, yenye injini ya V10, ilikuwa na farasi 320. Injini inatosha na inabaki.

Kisichotosha ni kushika. Kichwa hicho chenye tani 20 kwenye magurudumu ya kuvuta, juu ya lami kavu, kinaweza kuvuta kama tani 12 kabla tairi hazijaanza kuteleza. Umevuka kwa tani moja na kidogo. Mvua ndogo ikinyesha, au gari lililotangulia likiwa limemwaga dizeli kwenye kona, uwezo unashuka mpaka tani 8. Hapo injini hata iwe ya farasi 1,000, tairi zinazunguka tu na mzigo unaanza kurudi nyuma. Ndiyo sababu ya vyuma vizito nyuma ya kibanda cha dereva, na ndiyo sababu ya kichwa cha pili. Ukiongeza cha kusukuma nyuma, jumla inakuwa tani 144 na unahitaji mvuto wa tani 13.7, lakini sasa una uwezo wa tani 24 kwenye kavu na 16 kwenye maji. Hapo ndipo unalala usingizi.

Ila vichwa viwili ni madereva wawili wasioonana, mzigo mkubwa kama nyumba katikati yao. Wa nyuma akisukuma wakati wa mbele amelegeza, tela linakunjika kwenye kona. Miaka ya 70 hatukuwa na redio za mkononi. Zilikuja baadaye na zikatubadilishia maisha. Tulikuwa na filimbi na bendera. Filimbi moja ndefu, wote simama, na mtu yeyote aliruhusiwa kuipiga, hata kijana aliyeanza kazi jana. Mbili fupi, anza kuvuta. Tatu, nyuma asukume. Bendera nyekundu ya kushoto, mkia unakaribia ukuta. Kati ya dereva wa mbele na wa nyuma alikuwepo mtu wa vali akitembea, na yeye ndiye aliyekuwa anaamua mzigo unahitaji nini, maana ndiye pekee aliyeona vyote viwili. Vijana wa makabari walitembea kila upande, kabari inchi chache nyuma ya tairi, wakiisogeza kwa kamba. Gari likisimama, kabari imeshaingia. Hakuna anayengoja kuambiwa.

Wengi hukumbuka kupanda. Mimi nakumbuka zaidi kushuka. Mzigo wa kwenda upande wa Mtera kwa kupitia Iringa ulilazimika kuteremka Nyang'oro, na wakati huo hapakuwa na lami. Kwenye mteremko ile nguvu ya tani kadhaa iliyokuwa inakuvuta nyuma sasa inakusukuma mbele, na haichoki. Breki zinachoka. Zikipata moto kupita kiasi zinapoteza kushika, na ukishafika hapo hakuna unachoweza kufanya. Kwa hiyo unashuka kwa gia, ileile ambayo ungepandia au ndogo zaidi, na breki unaiweka akiba ya kusimamia tu. Kichwa cha pili kinabaki kimefungwa nyuma, safari hii kama nanga, dereva wake akizuia badala ya kusukuma. Kila baada ya kona chache tunasimama, makabari yanaingia, na vijana wanapita tairi baada ya tairi kusikiliza joto la ngoma za breki kwa kiganja. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, tunangoja na kutafuta sababu. Madereva wa malori mengine walikuwa wanatupigia honi kwa hasira. Tuliwaacha wapige.

Kwenye mteremko wa namna hiyo, hosi ya haidroli ya kundi la kushoto ilipasuka. Nimeeleza kwamba silinda za kundi moja zinagawana mafuta. Maana yake hosi moja ikipasuka, upande wote unataka kushuka. Mtu wetu wa vali, ambaye tulimwita Babu ingawa hakuwa na mvi hata moja, alifunga vali za kutenganisha ekseli kabla filimbi haijaisha kulia. Nilichojifunza siku ile kilikuwa kimeshafanyika saa mbili kabla. Juu ya mlima Babu alishusha jukwaa mpaka likabaki na nafasi ndogo tu chini yake, ingawa dereva alimwomba aliinue kidogo ili lisiguse mawe. Kwa sababu lilikuwa chini, silinda zilikuwa na sentimita chache tu za kuanguka. Mzigo uliinama, ukatulia. Lingekuwa juu, kitovu cha uzito kingetoka nje ya pembetatu na transfoma ingeishia korongoni pamoja na waliokuwa upande ule. Tulipanga mbao ngumu chini ya jukwaa, tukabadili hosi kwa mwanga wa taa, tukajaza mafuta, na alfajiri tukaendelea. Matela ya sasa yana vali zinazojifunga zenyewe hosi ikipasuka. Wakati ule vali hiyo ilikuwa ni akili ya Babu.

Transfoma yenyewe inahitaji kuangaliwa kama mgonjwa, na hili pia liliwaangukia watu wa nyuma. Haisafiri na mafuta yake. Inakwenda tupu ili kupunguza uzito, na masikio yake ya kauri ya kupitishia nyaya, rejeta zake na tangi lake la juu vinatangulia au kufuata kwenye malori mengine. Ndani kuna nyaya za shaba zilizofungwa kwa karatasi, na adui wa karatasi hiyo ni unyevu. Kwa hiyo tangi hujazwa naitrojeni kavu, au hewa kavu, kwa shinikizo lililozidi kidogo lile la nje, ili kama kuna upenyo gesi itoke badala ya hewa yenye unyevu kuingia. Kuna geji, na geji inasomwa asubuhi, mchana na jioni na kuandikwa. Baridi ya usiku ikiingia baada ya joto la mchana, sindano inashuka hata kama hakuna kinachovuja, na msomaji mgeni anaweza kushtuka bure. Anayejua anaandika na joto la hewa pembeni yake. Juu ya tangi hufungwa kifaa kinachochora kila mtikisiko kwenye ukanda wa karatasi unaozungushwa kwa saa. Mkifika, mhandisi wa mtengenezaji anafungua ukanda kabla hajawasalimu vizuri.

Kufika si mwisho. Transfoma lazima itoke kwenye tela na kukaa juu ya msingi, na vituo vingi havikuwa na kreni ya kunyanyua tani 60, wala kreni hiyo haikuwepo karibu. Kazi yote ilifanywa kwa jeki nne za haidroli, mbao ngumu, reli mbili za chuma na grisi. Sheria ya jeki ni moja: hunyanyui pande zote nne pamoja. Unanyanyua upande mmoja, sentimita mbili tatu, na mbao nyembamba inafuata chini yake papo hapo, ili jeki ikikuangusha mzigo uwe na pa kuangukia karibu. Kisha unahamia upande wa pili. Unajenga mnara wa mbao chini ya transfoma namna hiyo, tabaka kwa tabaka, mpaka tela linashushwa kwa haidroli yake na kuvutwa nje likiwa tupu. Baadaye unasukuma reli chini, unapaka grisi, na mzigo unatelezeshwa pembeni kwa jeki za kulala mpaka alama zake zilingane na alama za msingi. Kisha unashusha, tena upande mmoja mmoja. Ni kazi ya siku nzima, mara nyingine mbili, na hakuna anayepaza sauti. Msimamizi anasema, "Kushoto, pandisha kidogo. Basi. Mbao." Mtu wa jeki anajibu, "Mbao imeingia, mzee." Bila jibu hilo, hakuna hatua inayofuata.

Nimeona mitambo ya leo ya kubebea mizigo, yenye injini ndani ya tela lenyewe na mtu mmoja anayetembea kando na kifaa kifuani, akipindisha kila ekseli kwa kidole. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235 kila moja. Mizigo yake ni mikubwa kuliko chochote tulichogusa sisi. Nawatazama vijana hao na kuona kwamba yule mtu wa nyuma hatimaye ndiye mwenye usukani wote. Ni haki yake.

Kinachonikera ni kumbukumbu. Hati ya makabidhiano ya enzi zetu ilikuwa na nafasi ya jina la dereva, namba ya gari na sahihi ya mpokeaji. Leseni ya dereva ina daraja la malori. Mtu wa vali hakuwa na daraja, hakuwa na nafasi kwenye hati, na alipostaafu hapakuwa na cheti cha kuonyesha alichokuwa anakijua. Babu alimfundisha kazi kijana mmoja tu kwa sababu mwajiri wetu hakuona haja ya kumlipa wa pili atembee bure akijifunza. Mambo aliyoyajua kuhusu kugawa makundi kwa mzigo ambao kitovu chake hakiko katikati, na kuhusu kusoma mteremko kabla ya kuamua jukwaa liinuliwe kiasi gani, hayajaandikwa popote kwa Kiswahili. Nimeanza kuyaandika, moja moja, pamoja na michoro. La kwanza litakuwa jinsi ya kugawa makundi matatu kwenye tela la mistari sita pale transfoma inapokuwa nzito zaidi upande mmoja, na namba zote zitakuwemo.